Mwalimu Rémy na Elektroni Zisizopishana

Mwalimu Rémy Ngoyi, jirani yangu hapa mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, ni mbishi. Atabishana hata na bei ya chumvi. Mimi Zainabu nimemvumilia tangu kabla ya vita, kwa ajili ya mkewe Déborah, aliyekuwa rafiki yangu.

Mji ulipozingirwa, mashamba tuliyafikia kwa njia moja tu, upande wa Kailo. Ilikuwa nyembamba, majani marefu huku na huku, na wanawake tulikwenda kwa mstari bila kupitana. Siku moja risasi zikalia mbele. Wa mbele akasimama, sote tukasimama; akarudi nyuma, sote tukasukumana. Déborah alikuwa mbali mbele yangu. Neno lake likaja mdomo kwa mdomo hadi kwangu, nami nikalifikisha mjini: “Mwambieni Rémy, niko nakuja.”

Neno lilifika, yeye hakufika. Na hapa Kindu mtu husema “niko nakuja” hata anapokuaga mlangoni, anakwenda zake. Rémy, mtu wa Katanga, akashika maana moja tu: kwamba mkewe anarudi. Asiyejua maana haambiwi maana. Tulipotaka kukaa matanga, alitufukuza sisi pamoja na mchungaji wake. Nilimchukia kwa hilo, maana nami nilitaka kumlilia rafiki yangu. Miaka yote hiyo alimngoja.

Juzi nilikuwa nauza mikate chini ya dirisha la darasa lake. Alikuwa anafundisha habari za kaboni, ndugu wa makaa yetu, inayojikunja ikawa mrija mwembamba mno. Elektroni zilizomo haziwezi kupishana, na kila moja inamsukuma jirani. Ukiigusa moja, zote zinatikisika. Ukiingiza moja zaidi, inagawanyika vipande: chaji yake inatangulia kama wimbi, na ule mzunguko wake, spini, unafuata polepole.

Msichana mmoja akauliza, “Mwalimu, kama chaji imefika na spini imebakia njiani, elektroni yenyewe iko wapi?”

Rémy aligeukia ubao, nami nikainuka kuchungulia.

“Haiko tena,” alisema.

Akatoka nje, chaki mkononi, akasimama mbele ya mikate yangu, akaniita yaya, yaani dada mkubwa.

“Yaya Zainabu, neno yake njo weye uliniletea. Uite bantu. Tukae matanga.”

Nililia palepale, wateja wananitazama. Jioni hiyo tulimlilia Déborah, bila mwili na bila kaburi.