Maji Haiyaiva

Silipendi neno subira. Niliambiwa subira pale Kabazana, tulipofika kutoka Kivu ya Kusini mimi na mama yangu, tukawa tunalala kwenye ukumbi wa mapokezi na watu tusiowajua, tukingojea kupewa kiwanja. Kiwanja kilipopatikana ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale na mahindi ya kwanza yakakauka, nikaambiwa subira. Nikaambiwa subira tena kwa habari ya safari ya ng'ambo, ambayo majirani zetu waliifungia mabegi mpaka mabegi yenyewe yakatafunwa na panya. Basi siku fundi wa samaki aliposimama mbele yangu kule Mbarara na kuniambia kwamba kazi hii, dada, ni subira tu, nilimtazama kwa jicho baya akakohoa.

Nilikuwa nafagia kwenye gesti moja mjini Mbarara. Bosi wangu, Mnyankole mwenye ng'ombe wake huko Masha, alikwenda Kampala akaona tangi la samaki wa bahari kwenye hoteli ya watu, na akarudi hana jingine la kuongea. Likanunuliwa tangi la kioo, refu kuliko kitanda changu, likawekwa mapokezi. Kisha akatuuliza wafanyakazi nani anajua samaki. Nikanyoosha mkono, na sikusema uongo. Baba yangu alikuwa akizamia Ziwa Tanganyika kukamata samaki wadogo wa rangi, wale wa kupelekwa Ulaya, na mimi utotoni ndiye niliyebadilisha maji kwenye ndoo zao. Bosi hakutaka kujua tofauti ya ziwa na bahari. Alisema samaki wakiishi, kile chumba cha nyuma kinachowekwa magodoro kitakuwa changu, na ninaweza kumleta mama.

Nilikitaka chumba kile mpaka nikawa nakiota. Mama alikuwa peke yake Nakivale chini ya shitingi, turubai la msaada lililochanika, magoti yamekataa, jembe halishiki tena. Chakula cha msaada kilipunguzwa, kikapunguzwa tena, halafu jina lake likaondolewa kabisa, eti hali yake si mbaya sana. Nilitaka alale chini ya bati, mvua inyeshe na yeye asiamke kuhamisha godoro. Sikutaka kingine.

Fundi alikuwa mtu wa Mombasa aliyehamia Kampala, na Kiswahili chake kilikuwa cha kukunjwa na kupigwa pasi. Alichanganya chumvi ya bahari kutoka kwenye mfuko, akapanga mawe yenye matundu yaliyosafiri kutoka pwani yakiwa yamefungwa ndani ya magazeti yenye unyevu, akawasha pampu. Nikadhani sasa samaki wanaingia. Akatoa kamba mmoja mbichi, yule wa baharini mwenye masharubu, akamtumbukiza ndani na kusema tumwache aoze.

Nilikasirika kweli. Kule kwetu kambini watu wanalala na uji mwepesi, na huyu ananunua chakula cha kuozesha ndani ya kioo! Akanieleza bila haraka. Yule kamba akioza anatoa sumu. Sumu inawaita vijidudu wasioonekana, nao wanakaa kwenye mawe, wanaila ile sumu na kuzaana. Wakiwa wengi wa kutosha, maji yameiva, na samaki wanaweza kuishi ndani yake. Ukiwatia kabla, wanakufa kwa uchafu wao wenyewe. Akanipa kichupa na dawa ya kupimia: ukiona rangi ya kijani, sumu bado ipo, ukiona manjano, imekwisha. Akarudi Kampala, akaniachia namba yake ya simu.

Nikawa napima kila asubuhi, na kila asubuhi kijani. Mapokezi yakanuka mpaka wageni wakawa wanashika pua. Bosi akipita anauliza samaki nakuja lini, nami namjibu kwa Kiswahili cha kwetu, maji haiyaiva, bosi, haiyaiva bado, yaani hayajaiva. Alicheka, akaanza na yeye kusema haiyaiva kwa kila kitu, matoke, mishahara, barabara. Mwezi ukapita hivyo, na wa pili ukaingia. Sijui lini hasa nilianza kulipenda tangi lile. Halikuwa na hata samaki mmoja, lakini nilikuwa nikiketi mbele yake baada ya kufagia, nikitazama mawe, nikijua kuna kitu kinajengeka humo ndani pasipo mtu kukiona. Ile kijani ikaanza kufifia. Na mimi nikaanza kukipigia hesabu chumba kile, kitanda cha mama kikae upande gani, jiko liwe nje au ndani.

Kisha mawe yakaota utando wa kahawia, na kioo kikawa kama kimepakwa chai. Nikampigia fundi papo hapo. Akafurahi. Akasema hiyo ndiyo alama ninayoingoja, nisiguse, nisifute, nisiweke kitu. Wiki ile ile kipimo kikatoa manjano kwa mara ya kwanza. Akasema tungojee kidogo tuwe na hakika.

Bosi alichoka kungojea. Binti yake alikuwa anatolewa kwenda kwa mumewe, ile sherehe ya Wanyankole wanayoiita kuhingira, na wakwe kutoka mbali wangelala gesti. Aliagiza samaki waletwe Jumamosi ya sherehe. Niliona haina neno, maji yalikuwa karibu sana. Kwa furaha nikamwita mama aje akione chumba.

Alikuja Jumatano na boda, amevaa kitenge chake cha kanisani, tukalala pamoja kwenye kitanda changu. Aliniuliza mbona tangi la tajiri halina samaki. Nilikuwa na usingizi. Nikamwambia maji haiyaiva, mama, tukiwatia sasa watakufa, na mimi kazi itaniponyoka. Nilidhani ameelewa.

Ninyi mnaosoma hamkuzeeka kambini, kwa hiyo niwaambie alichosikia. Kwetu kinachoiva ni kile kilichopita motoni. Maji ambayo haiyaiva ni maji mabichi, yasiyochemshwa, na maji mabichi yanaua. Hilo tulifundishwa pale Nakivale na watu wenye vipaza sauti, kwa michoro ya vijidudu wenye meno, mwaka hata mwaka: chemsha, na kama huna kuni, tia kidonge. Mama alilishika somo lile kuliko katekisimu. Vidonge alivyopewa wakati wa kipindupindu hakuvimaliza. Alivifunga kwenye ncha ya kitenge na kutembea navyo, maana anaogopa maji ya watu.

Asubuhi nilikwenda sokoni kununua matoke. Niliporudi, harufu ilinipokea mlangoni, ile harufu kali ya dawa ya bomba la kambini. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, mikono imekunjwa, anatabasamu. Nyuma yake tangi lilikuwa linang'aa.

"Nimekusaidia, mama," akaniambia. Kwetu mzazi humwita binti yake mama. "Ulisema maji haiyaiva, na sikuona fasi ya kuipikia. Njo nikatia vidonge. Nilitia byote. Angalia vile iko safi."

Mawe yalikuwa yanageuka meupe kama mifupa. Nilimchukia mama yangu, nasema wazi, kwa muda wa kumeza mate nilimchukia kuliko wale waliotufukuza nyumbani. Halafu nikaiona ile ncha ya kitenge, imefunguliwa, imebaki na mikunjo. Alikuwa ametoa alichokuwa nacho chote. Nikamwambia ahsante, mama. Nikaenda chooni nikalia nimeuma taulo.

Nikampigia fundi simu, nikamweleza. Akasema vijidudu wamekufa wote, maji yamekufa, myamwage yote, muanze upya toka mwanzo, na msitie hata samaki mmoja. Ijumaa nikampandisha mama boda arudi Nakivale, nikimdanganya kwamba chumba kinapakwa rangi kwanza. Nikamfuata bosi, nikamwambia maji yamekufa, samaki wasije.

"Maji nakufa namna gani?" akauliza. "Leo ndiyo mimi naona maji."

Nikamwomba. Mimi ambaye sijui kuomba, nilimwomba nimeshika mlango wa gari lake. Akasema wakwe wako njiani na samaki wako njiani, na mtu wa kambi asimfundishe rangi ya maji safi.

Jumamosi samaki waliingizwa, wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, mmoja wa buluu mfano wa sare ya shule. Wakwe wakapiga makofi. Nilisimama na trei ya soda, nikiwaona wanavyopanda juu kutafuta hewa, na wageni wakisema tazama wanavyocheza. Kabla ya misa ya Jumapili walikuwa wamelala ubavu, wote. Yule wa buluu ndiye aliyekawia. Nilimshika mkononi kama nilivyowashika wa baba, akafungua mdomo, akafunga, basi.

Bosi aliinama juu ya tangi, akanusa. Si mjinga yule mtu. Akauliza nani alitia dawa. Nilifikiri polisi, nilifikiri magoti ya mama kwenye sakafu ya polisi.

"Mimi," nikasema.

Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Alimwita askari wa geti anisaidie kubeba begi.

Sasa niko Nakivale. Mvua ikinyesha tunaamka wawili kuhamisha godoro. Mama nilimwambia gesti imefungwa, bosi amehamia Kampala na tangi lake. Amekubali. Majirani wakija anawasimulia vile binti yake alilinda bahari ndani ya nyumba Mbarara, na vile yeye mwenyewe aliisafisha ikang'aa. Mimi napukuchua mahindi.

Jana jioni aliniuliza wale samaki wanaendeleaje. Nikamwambia wamekuwa wakubwa, mama. Akafurahi mpaka akapiga goti lake bovu, na baada ya hapo akachukua kidonge, maana vimegawiwa tena, akakitia kwenye bidoni, dumu letu la maji, na kuitikisa kwa mikono miwili. Nilikuwa na kiu tangu shambani. Nikanyoosha kikombe, akanizuia.

"Ngojea kwanza, mama," akasema. "Haiyaiva."

Nikaketi mlangoni na kikombe kitupu, nikangoja.