Nusu Sahani ya Bibi

Jumamosi iliyopita nilishuka kituo cha treni cha Mount Dennis, huku ughaibuni, rafiki yangu, nikatembea mpaka mtaa tuliokuwa tukikaa zamani, na nyumba sikuiona. Pana uzio wa mabati na shimo. Nilichungulia kwenye upenyo wa mabati nikiwa na uchungu na hasira, ingawa ukweli ni kwamba hatukuwahi kukaa katika nyumba ile hasa. Tulikaa chini yake. Mafundi wamekichimbua hata hicho chumba chetu cha chini, hapakubaki ukuta.

Wasomaji wangu hunitania kwamba mtoto wa watu wa Tanga ana nini na Wayunani wa kale, hata awe anaandika visa vyao kwa Kiswahili mwaka nenda mwaka rudi. Huwa nawajibu kwa utani vilevile. Leo sina utani, kwa hiyo kaa nikueleze.

Chumba kile kilikuwa ardhini kweli. Dirisha letu moja lilikuwa juu, karibu na dari, usawa wa njia ya miguu, na majirani tuliwajua kwa viatu vyao. Nyuma ya ukuta lilinguruma tanuri la kupashia nyumba joto. Mama alikuwa muuguzi na zamu zake hazikuwa na mpango, hivyo akamleta mama yake kutoka Tanga aje anilee. Alikuja kwa msimu mmoja tu wa baridi, ikawa leo, ikawa kesho, ikawa miaka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bibi yangu alipewa koleo la theluji.

Alipika maharage ya nazi ya kopo, akiitukana ile nazi tangu kuifungua mpaka kuipakua. Alikaanga chapati mpaka harufu ikapenya ngazi, ikapanda juu kwa mwenye nyumba. Mimi aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na akanisuta kwamba marehemu babu angenikataa kwa uvivu. Nilimwelewa kila neno, nikamjibu kwa Kiingereza. Yeye naye hakujali, alinijibu kama vile nimesema Kiswahili.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kigiriki, mwalimu mstaafu, aliyevaa nguo nyeusi kiangazi na baridi. Kila Jumamosi aliwafundisha watoto wa kanisa lao lugha ya kale ya Wayunani mezani pake, na kwa kuwa harufu ya chapati ilikwisha kututambulisha, akaniita nami nikae. Nilijifunza herufi zao kabla sijaweza kuandika barua kwa Kiswahili. Alikuwa mkali, akigonga meza kwa kijiko, lakini alipofika kwenye hadithi sauti yake ilishuka na watoto wote tuliacha kuchezesha miguu.

Ndiye aliyetusimulia kisa cha binti wa mungu wa kike wa nafaka, aliyenyakuliwa na mfalme wa kuzimu alipokuwa akichuma maua. Mama yake akazunguka dunia akimtafuta, na kwa huzuni yake mashamba yakakauka na baridi ikaingia. Mwishowe binti akaruhusiwa kurudi, ila alikuwa amekwisha kula punje chache za komamanga huko chini, na anayekula cha kuzimu hufungwa nako. Kwa kuwa alikula kidogo, akagawiwa mwaka: miezi kadhaa chini, mingine juu kwa mama yake. Mtoto mmoja aliuliza alikula punje ngapi. Mwalimu akasema wasimulizi wa kale wenyewe hawakubaliani.

Siku hiyo alinipa bakuli nishuke nalo: ngano iliyochemshwa, sukari, zabibu kavu, na juu punje nyekundu za komamanga. Ndicho chakula cha kuwakumbukia wafu wao, alikuwa akimkumbuka mumewe. Nilimkuta bibi anakunja nguo. Alifurahi kuona komamanga, kwani kwao mkomamanga ulikuwepo uani, akatia kijiko mdomoni. Na mimi, kwa kujidai, nikamsimulia kisa chote kwa Kiswahili changu cha kuokoteza.

Akaacha kutafuna.

"Hata kwetu," akasema, "mtu akichukuliwa na wasioonekana, haambiwi asilie wala asiseme. Anaambiwa asile." Akatazama juu dirishani, buti zilikuwa zikipita kwenye theluji. Kisha akacheka, akanigonga kwa bega. "Sisi tumeshakula humu, mke mwenzangu. Tumeshiba."

Lakini tangu jioni ile alikula nusu sahani. Alikigawa chakula kwa ukingo wa kijiko, akala upande mmoja, akausukuma mwingine. Nilipomuuliza alisema, "Huu niliokula ndio wa kukaa. Ule ndio wa kurudi." Alisema kama mtu anayechezesha mtoto, nami nikacheza naye. Mama hakucheza. Alimpeleka kwa daktari, akapimwa damu, akapigwa picha za tumbo, na tukaambiwa hakuna kitu. "Mama, kula basi, unaisha," mama alikuwa akimbembeleza, bado amevaa sare zake za kazini. Bibi akajibu, "Nipeleke nyumbani, uone nitakavyokula."

Nilimpelekea mwalimu habari hizo. Akaniambia Wayunani wa kale walikuwa na neno la kurudi nyumbani, nostos, na neno la maumivu, algos, na kwamba karne nyingi baadaye daktari mmoja wa Ulaya aliyashona pamoja ili kuupa jina ugonjwa wa watu waliodhoofika ugenini. Wengine, alisema, walikufa nao. Nilishuka nikamweleza bibi. Akasema ugonjwa huo haukumngoja daktari aupe jina.

Mama akakubali kumrudisha. Akakata tiketi ya Aprili, theluji ikishayeyuka, kwa kuwa alihofia kumsafirisha mzee dhaifu kwenye baridi kali. Bibi akafungasha sanduku mara moja. Akawa ananiuliza kila asubuhi kama barafu ya ngazini imeanza kuyeyuka, nami nilipanda na koleo kuikagua, nikarudi na jibu.

Alifariki Machi, mchana, nikiwa shuleni, na ngazi bado ni nyeupe.

Kuna Wakenya wa jirani waliosema watachanga, mwili urudi nyumbani, kama wanavyofanya wao. Walisema kwa upendo. Lakini sisi ni Waislamu, na maiti wetu hawekwi, huzikwa upesi. Shehe alikuwa mpole, akamwambia mama kwamba ardhi yote ni ya Mungu. Mama akaitikia kwa kichwa. Sijapata kumwona mtu akiitikia jambo huku akilichukia kiasi kile. Kesho yake bibi alizikwa, na kwa kuwa kwa desturi yetu wanawake hatuendi kaburini, tulikaa ndani ya gari kando ya uzio, tukisikiliza mashine ikivunja udongo ulioganda. Kwetu Tanga jeneza hugombewa mabegani. Bibi alibebwa na wanaume wachache wa msikitini ambao hawakuwahi kuonja chapati yake.

Siku ya arobaini tulisoma khitma kwenye chumba kile kile, wanawake tumebanana mkekani. Mwalimu akashuka na nguo zake nyeusi na bakuli la ngano na komamanga. Wao nao wana arobaini, alisema. Mama alijua habari ya komamanga, nilikuwa nimemweleza. Wanawake wakatazamana, hakuna aliyenyoosha mkono. Mama akalipokea bakuli, akaomba kijiko, akala mbele yetu pole pole, punje kwa punje, mpaka akaukwangua ukoko wa sukari chini. Mwalimu alibaki amesimama mlangoni, analia. Nilimwogopa mama siku ile.

Mwalimu naye amekwenda, alizikwa na watu wake. Watoto wa ile meza sijui walipo. Harufu ya nazi ya kopo na ngano iliyochemshwa, na ule mngurumo nyuma ya kitanda, sasa vimo vichwani mwetu mimi na mama tu, na tukifa sisi basi. Ndiyo sababu naandika visa vya Wayunani, kama bado unauliza. Ni mlango pekee niliobaki nao wa kuingilia chumba kile.

Mama anakaa nami North York, upande mwingine wa jiji, siku hizi, amestaafu, magoti yanamsumbua. Jumamosi nilipomweleza kwamba nyumba imebomolewa aliendelea kupakua chakula. Baada ya chakula ndipo aliponiambia nimuulize shehe kama kuna nafasi ya kaburi kando ya bibi. Nilipandwa na hasira. Nikamwambia, miaka yote umetuimbia Tanga, umejenga Tanga, leo Tanga imekukosea nini?

"Tanga nina nani?" akasema. "Mama yangu yuko hapa."