Dole Gumba la Mwalimu wa Besi

Niliondoka Temeke asubuhi bila mpango, nikaishia Kunduchi, kwenye baa iliyonukia samaki wa kukaanga. Mzee mmoja alikuwa akipiga gitaa la besi, dole gumba limechungulia juu ya shingo ya gitaa. Nilimtambua.

Utotoni alinifundisha besi kwenye kwaya ya kanisani, akinigonga dole gumba langu kwa kijiti cha drams kila lilipochungulia hivyohivyo. "Lifiche nyuma, wewe. Unakaba kuku?" Wanakwaya walicheka. Mie nikadhani wapigaji wazuri hukatwa dole gumba, ndiyo maana lao halionekani, nikalia mchana kutwa. Sasa najua dole likikaa nyuma, vidole vingine hufika mbali. Kicheko sikukisahau.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Lifiche nyuma. Unakaba kuku?" nikamwambia.

Wapigaji wenzake walicheka, naye akalishusha. Nikachukua chumba gesti ya jirani, dirisha likitazama jukwaa la baa, nione kama dole litakaa nyuma.