Ndege Wembamba wa Bi Genowefa

Kwa majira ya baridi kumi na tisa Bi Genowefa, mpishi mstaafu wa shule, alikuwa akinasa ndege kwa wavu nyuma ya nyumba yake huko Podlasie, akiwavisha pete za utambulisho miguuni na kuwapima kwa ajili ya watafiti. Asubuhi moja Daktari Leszek, mtaalamu wa ndege, alitumwa kutoka mjini kuja kukagua kazi yake.

Bibi alimlaza ndege chali kiganjani, akampuliza manyoya ya tumboni mpaka yakaachana. Chini ya ngozi kulionekana mafuta kidogo tu.

"Mafuta, alama mbili," alisema.

Daktari aliandika huku amekunja uso. "Bibi, ndege wako wote wembamba. Wa msituni wanapata nne, tano. Kweli unawalisha?"

"Kila alfajiri. Hata siku niliyomzika mume wangu."

"Basi mbona wamekonda?"

"Wa msituni hawajui kesho watakula nini, ndiyo maana wanabeba akiba. Hawa wanajua nitaamka. Wabebe mzigo wa nini, na mwewe yuko juu ya mti anawasubiri?"

"Mimi nitaandika kuwa wana hali mbaya."

"Andika." Akamwachia ndege, naye akaenda moja kwa moja kwenye mbegu za alizeti. "Ila kwanza fungua huo mkoba wako uliovimba."

Daktari akasita, kisha akafungua. Ndani mlikuwa na mikate minne yenye soseji, imefungwa kwa karatasi.

"Supu yako iko jikoni tangu alfajiri," Bi Genowefa akamwambia. "Ukija tena, njoo mwembamba."