Msiba wa Kaporo

Asifiwe alipofariki, watu wa kijiji cha Ngana walimlilia pamoja na mama yake, Angetile, kama inavyopasa. Walipika, waliimba, wanawake wakalala chini naye mpaka matanga yakaisha. Kisha wakarudi mashambani, wakaanza jambo ambalo bila shaka waliliona la huruma: wakaacha kumwita Mama Asifiwe. Huyu akamwita dada, yule shangazi, wengine mama tu. Huruma nyingine, jamani, afadhali ukali. Mume alikwishatangulia zamani, mtoto mwingine hakuwa naye, na sasa hata jina lake walikuwa wamelizika. Angetile akabaki na kakao yake, akiianika, akiigeuza, akiianua mvua ikitishia, na jioni akipika ndizi za kula peke yake.

Ndipo akaja Doreen, msichana wa chuo aliyekuwa akifanya utafiti kwa wanawake waliofiwa, kuwauliza wanaishije na majonzi. Aliomba ruhusa vizuri, akasema asiyetaka kujibu asijibu. Angetile alikubali, ila majibu yake yakawa ya mkato: ndiyo, hapana, tunamshukuru Mungu.

Doreen akainamisha kichwa. "Mama Asifiwe," akasema, "hata mimi mama yangu amefariki. Juzijuzi tu."

Kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia. Angetile alisikia jina lake la zamani na msiba mpya kwa pamoja, akaangua kilio pale pale kwenye mkeka. Halafu akasema ambayo hakuwahi kumwambia mchungaji wala jirani: kwamba kwaya ikiimba yeye hufumbua mdomo tu, hatoi sauti, kwa sababu amemkasirikia Mungu na hajui hasira hiyo itaisha lini. Doreen alimshika mkono. Angetile alijisikia mwepesi.

"Ndaga, mwanangu," alimshukuru. "Na mama mmemzika wapi?"

"Kaporo," Doreen akajibu haraka. "Kule Karonga, Malawi."

Maskini msichana wa mjini! Alidhani mpaka ni ukuta. Hakujua kwamba watu wa Ngana wana mashemeji ng'ambo ya Mto Songwe, na kwamba huku mtu akikuambia amefiwa, pole ya mdomo haitoshi. Unakwenda.

Angetile alikwenda. Alijitwisha mkungu wa ndizi, akafunga mchele kwenye kanga, akavuka mpaka pale Kasumulu. Lugha ya kule na Kinyakyusa chake ni ndugu, hivyo aliuliza nyumba kwa nyumba bila shida: wapi kwenye msiba wa mama mwenye binti anayesoma chuo Tanzania? Wa ukoo gani, wakamuuliza. Hakujua. Watu wa Kaporo walihangaika naye mpaka jua likaanza kushuka. Akaona haya kurudi na chakula cha msiba, akakiacha kanisani, na njia nzima alijilaumu: mtu mzima gani anakwenda kuhani msiba bila kuuliza ukoo?

Kwa hiyo Doreen alipokuja tena, safari hii na mkubwa wake, Bwana Ezra, Angetile ndiye aliyetangulia kuomba radhi.

"Nilikwenda Kaporo, mwanangu. Sikupaona kwenu. Nisamehe."

Doreen alimgeukia mkubwa wake. Ikabidi Bwana Ezra aeleze, na alieleza kwa adabu. Mama yake Doreen hakuwa amekufa. Walitaka kujua kama mfiwa hufunguka zaidi kwa mfiwa mwenzake. Wangesema mapema, majibu yangeharibika. Wakubwa wa chuo walikuwa wameridhia, na utaratibu ulidai kwamba mwishoni kila mtu aambiwe ukweli. Akitaka, maneno yake yatafutwa.

"Mama yako yu hai?" Angetile akamuuliza Doreen.

"Yu hai, mama."

"Mungu ashukuriwe." Na alishukuru kweli, hakuwa mtu wa kumtakia mwingine kaburi. Lakini uso ulimwaka kwa aibu na uchungu. "Mimi yangu yalikuwa ya kweli," akasema. "Yafuteni."

"Tutayafuta yote, mama," akasema Bwana Ezra.

"Na huyu? Aliyeyasikia?"

Doreen alilia, na machozi haya yalikuwa ya kweli. Angetile aliyatazama tu. Zamani angekwishamkumbatia.

Walipoondoka hakumsimulia mtu. Angesemaje? Wangemcheka kwa ile safari, na siri ya kanisani ingetoka. Kakao ikavunwa, ikauzwa, nyingine ikaanikwa.

Asubuhi moja Beatrice, jirani yake, akaja mbio, kitambaa kimemdondoka kichwani. Ni yuleyule Beatrice aliyelala chini naye siku zote za matanga ya Asifiwe.

"Kaka yangu! Kaka yangu wa Ndandalo amefariki!"

Angetile alimtazama machoni. "Una hakika?" akauliza. "Ni kweli?"

Beatrice akarudi hatua moja nyuma. Akamwangalia kama mtu asiyemfahamu, akafuta machozi kwa kiganja, akageuka na kushika njia ya Ndandalo peke yake.

Angetile alitaka kumkimbilia, amwombe radhi, alie naye. Miguu ilikuwa mizima. Lakini alisimama mlangoni, macho makavu, na moyo wake ulikuwa bado unasubiri mtu aje aseme kwamba si kweli.