Mshale Wenye Kiherehere

Fundi wetu alitamka rasmi, mikono nyuma kama anayesoma bajeti, kwamba injini ya gari la dada ni nzima na mkosaji ni mshale wa joto. Dada, aliyekuwa ampeleke mama kliniki kesho yake, akauliza mbona basi unapanda na kushuka. "Dada yangu, gari halina homa. Kipimo ndicho kina kiherehere." Boneti hakuifungua; yeye huifungua tu akikosa la kusema, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alifuta vidole vyake vilivyokuwa safi, akagonga kioo cha dashibodi kwa ukucha, akasikiliza huku amefumba macho, kisha akachomoa waya mmoja. Mshale ukatulia. Asubuhi, nusu ya njia, mama alipouliza mbona mbele kunafuka mvuke, mshale ulikuwa bado umetulia tuli.