Anang'oa miti aliyoipanda mwenyewe kuuokoa uwanja wa Lodwar

LODWAR, Januari 1999

Jua halijachomoza juu ya vilima vya Lodwar, na Longor Etabo anavua akala zake chini ya mlingoti wa goli. Kamba ndefu imetandazwa mchangani kutoka goli hadi goli. Anaanza kuifuata kwa miguu mitupu, polepole, kama mtu anayepita chumba alimolala mtoto mchanga.

Hatua ya kumi na mbili anasimama. Anainua mguu wa kushoto, anashika kikoleo kidogo cha chuma kinachoning'inia shingoni mwake, na kuchomoa mwiba wa urefu wa kidole gumba. Anautia ndani ya kopo la maziwa ya unga. Damu haitazami. Anaendelea na safari yake.

Akifika goli la pili anasogeza kamba hatua moja, kisha anarudi alikotoka. Ana njia zaidi ya themanini za kupita hivyo. Ukijumlisha, ni kama kilomita nane za kutafuta miiba kwa nyayo kila alfajiri.

“Macho inadanganywa na mchanga,” anasema Longor, ambaye umri wake unakaribia miaka sitini. “Mwiba inalala chini, huioni. Lakini mguu ikikanyaga inajua. Afadhali mguu yangu.”

Anasema afadhali wake kwa sababu kati ya wachezaji ishirini na wawili wa Emoru Stars, ni tisa tu wenye viatu vya mpira. Waliobaki hucheza hivyo hivyo alivyo yeye asubuhi hii.

Leo ni Alhamisi, na si Alhamisi ya kawaida. Mwaka uliopita Emoru Stars walitwaa ubingwa wa wilaya wakapanda ligi ya mkoa kwa mara ya kwanza. Mwanzoni mwa Desemba afisa wa ligi alikuja, akauona uwanja, akaukataa kwa sababu ya miiba. Aliahidi kurudi mara moja tu. Leo ndiyo anarudi.

Akiukataa tena, mechi za nyumbani za Emoru Stars zitachezewa Kitale, karibu kilomita mia tatu kutoka hapa, katika barabara ambayo magari huipita kwa msafara wenye askari. Klabu haina hata baiskeli. Kila mtu mjini anajua maana yake: uwanja ukianguka, klabu imekwisha.

Kinachomkosesha Longor usingizi ni kwamba miiba hiyo ni yake.

Mwaka 1986 shirika moja la misaada lilileta miche ya mti uitwao mathenge, ambao Waturkana wameupa jina la etirae. Watu waliambiwa ni mti usiokufa kwa ukame. Longor alikuwa kibarua wa shirika hilo. Aliomba apewe miche themanini akaipande upande wa mashariki wa uwanja, kwa sababu upepo wa upande huo ulikuwa ukimwaga mchanga golini hadi kipa anacheza akiwa amefumba macho.

Alichota maji ya mto Turkwel kwa debe, asubuhi na jioni, miezi minane. Miche sitini na mmoja ilishika. Upepo ukapungua kweli. Watazamaji wakapata kivuli. Kwa miaka kama minne hivi, Lodwar ilikuwa na uwanja ambao timu za Lokitaung na Lokichar zilitamani kuuchezea.

“Watu walikuwa wananisalimia, ‘Ejok, mwenye kivuli,’” anakumbuka. “Mimi nikaona, kumbe hata mimi nimefanya kitu.”

Kisha miti ikaanza kuzaa. Maganda yake ni matamu, na mbuzi huyapenda. Njia ya mbuzi kwenda mtoni inakatiza katikati ya uwanja. Wakila mtini, huacha mbegu mchangani pamoja na kinyesi. Kwa muda mrefu ardhi ilikuwa kavu mno, mbegu zikatulia. Halafu zikaja mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1997, zile zilizokata barabara na kubeba mifugo. Maji yalipokauka, uwanja wote ulikuwa kijani.

Klabu imetobolewa mipira saba tangu wakati huo.

Kwa Waturkana, mti wa kando ya mto una mwenyewe. Huukati wala huokoti matunda yake bila ruhusa ya familia inayoumiliki. Aliyeipanda etirae ya uwanjani anajulikana, kwa hiyo hakuna aliyesumbuka kutafuta jina lingine. Mchezaji akichomwa, benchi lote hugeuka kumtazama mtu mmoja.

Waswahili husema mchuma janga hula na wa kwao. Janga la Longor lilikwenda mbali zaidi.

Oktoba mwaka jana, timu ya wakimbizi wa Sudan kutoka kambi ya Kakuma ilipata kibali cha kuja kucheza mechi ya kirafiki. Winga wao, Mamer Lueth, kijana wa miaka ishirini na miwili, alikuwa akikimbia pembeni, mbele ya miti yenyewe, alipoanguka ghafla. Mwiba ulikuwa umeingia unyayoni na kukatikia ndani. Mguu ulivimba hadi gotini. Madaktari waliupasua mara mbili. Mpaka leo Mamer anatembea kwa fimbo.

Mwezi mmoja baadaye Longor alipanda lori la mahindi ya msaada akiwa na mbuzi mmoja, akashuka Kakuma, kilomita mia moja na ishirini kutoka kwake, na kuulizia hema la Mamer. Watu waliacha foleni ya maji kumwangalia.

“Sasa hii mbuzi ni ya nini?” Mamer alimuuliza.

“Mti ni yangu. Mwiba ni yangu. Mguu ni yako,” Longor alimjibu. “Kwetu hivyo si vitu vya kunyamazia.”

Aluong, beki wa timu ya Mamer, alikuwa ameketi kando akasikia, akacheka. “Mzee, sisi tumezoea nyinyi mnakuja kuchukua vitu hapa. Leo mmeanza kurudisha?”

“Hii sijaiba,” Longor akasema. “Nimeitoa kwa boma yangu. Uliza bibi yangu, mpaka leo ameninunia.”

Wakacheka wote watatu. Mamer alimkataa mbuzi yule mara mbili, kisha akampokea, maana aliona kukataa mara ya tatu ni tusi. “Mimi sikukanyaga wewe, mzee,” alisema. “Nilikanyaga mti.”

Lakini alipomsindikiza hadi barabarani akichechemea, aliongeza neno moja. “Usiite mtu tena kuja kucheza pale kama hujui chini iko nini.”

Longor alirudi Lodwar na neno hilo. Afisa alipoukataa uwanja mwezi wa Desemba, siku ya pili yake Longor alianza kung'oa miche kwa sururu, na kutembea peku nyuma ya kazi yake kuhakikisha. Amefanya hivyo siku arobaini na moja mfululizo. Klabu humpa shilingi mia tisa kwa mwezi, mwezi ambao kiingilio kimepatikana. Tangu Desemba hakujachezwa mechi.

Saa tano kasorobo, gari la afisa wa ligi linasimama nyuma ya goli. Anashuka mama mrefu mwenye faili, Jerotich, yule yule wa Desemba, aliyewahi kuwa mwalimu wa michezo. Wachezaji wamejipanga. Mistari ya uwanja imechorwa kwa mafuta machafu ya magari, meusi juu ya mchanga mweupe, kwa kuwa majivu hupeperushwa kabla ya mapumziko.

“Mzee, nimeambiwa unakagua kwa nyayo,” anasema Jerotich.

“Ndiyo, madam. Hata wewe unaweza.”

Mchezaji mmoja anadakia kutoka nyuma: “Acha tu viatu hapo, madam, haviibiwi. Wezi wote wako kwa safu ya ushambuliaji, na hata mpira hawajui kuiba.”

Jerotich anacheka, anavua viatu. Anatembea mstari wa katikati, anaingia katika eneo la hatari, anazunguka pembeni upande wa miti. Longor yuko nyuma yake hatua mbili, kikoleo mkononi. Mama anafika goli la pili na kurudi. Hakuna mwiba hata mmoja. Wachezaji wanaanza kupiga makofi.

Jerotich anaketi juu ya jiwe, anakung'uta mchanga kwenye vidole, anafungua faili.

“Kazi hii umefanya na nani?”

“Mimi.”

“Peke yako?”

“Hawa wana mazoezi. Wengine wanabeba mizigo sokoni.”

“Na mbuzi wakipita kesho?”

“Watapita. Ni njia yao ya maji.”

Jerotich anashika kalamu. “Nikuulize swali moja, mzee wangu, na unijibu kwa ukweli. Ligi inaanza mwezi wa pili, inaisha mwezi wa kumi. Ukiugua wiki moja tu, uwanja huu utakuwa vipi?”

Mwalimu Nangiro, kocha wa timu, anakohoa kwa nguvu. Wachezaji wameacha kupiga makofi. Longor anawatazama, mmoja mmoja, kisha anatazama mahali pale pembeni, mbele ya miti.

“Wiki moja, madam,” anasema, “usilete mtu hapa.”

Jerotich anashusha kalamu. Halafu anaandika mistari miwili, anavaa viatu vyake, na kumpa Longor mkono kabla ya kumpa kocha.

“Angenidanganya ningepitisha,” anasema baadaye, mlango wa gari ukiwa wazi. “Kalamu ilikuwa mkononi. Ligi haiwezi kusimama juu ya miguu ya mzee mmoja.”

Gari linapoondoka, Nangiro anamsogelea Longor. Ni mtu mpole, mwalimu wa shule ya msingi, na sauti yake haipandi.

“Ungenyamaza tu, mzee. Ungesema, ‘Tutajaribu.’ Neno moja tu hilo.”

“Mwalimu, wewe hukwenda Kakuma.”

“Umetuzika kwa mdomo wako.”

“Najua,” anasema Longor.

Siku mbili baadaye, Jumamosi, uwanja ni mtupu. Nangiro amekwisha kuandika barua ya kujitoa kwenye ligi. Kipa ameondoka kwenda Lokichar kufanya biashara ya mbuzi na mjomba wake. Viungo wawili wamekwenda Lokichoggio kutafuta kibarua cha kupakia ndege za msaada. Nahodha amepita nyumbani kwa Longor kuaga, akamkuta hayupo, akamwachia salamu mkewe.

Longor yuko nyuma ya uwanja, ndani ya shimo linalomfika kiunoni. Anang'oa miti yenyewe sasa, ile mikubwa. Kuikata hakusaidii, maana ukikata mmoja inachipua mitano. Lazima uchimbe mpaka chini ya kisiki. Mti mmoja utamchukua siku sita hivi. Ameanza na wa kwanza kabisa, ule ambao mchwa waliwahi kuutafuna nusu akauokoa kwa majivu.

Vijana wanaopita kwenda mtoni wanamcheka. “Mzee, ulipanda mwenyewe, unang'oa mwenyewe. Hiyo ni kazi ama ni adhabu?”

“Ni kazi,” anawajibu bila kuinua kichwa. “Adhabu ingekuwa na mwisho.”

Saa tatu mkewe, Asekon, anafika kuburuta magogo. Anayachoma makaa na kuuza shilingi mia na ishirini kwa gunia. Tangu kazi ya shirika iishe, makaa ya etirae ndiyo yaliyolisha nyumba yao, kutoka kwenye miti hii hii. Kila mti mume wake anaoung'oa ni unga wa wiki kadhaa, kisha basi.

“Alinioa na ngamia na mbuzi, watu wakaimba,” anasema Asekon akijifunga kamba kiunoni. “Sasa nimuulize, mti zikiisha tutakula nini? Tutapika mpira?”

Anavuta gogo, linakataa, mumewe anatoka shimoni na kulisukuma kwa bega.

Hesabu yenyewe haijifichi. Mvua za Aprili zikija, atakuwa amefika labda mti wa kumi na mbili kati ya sitini na mmoja, na mbegu zilizolala mchangani zitaamka tena. Kando ya mto kuna mathenge nyingine zenye wenyewe, ambazo kwa mila hawezi kuzigusa, na mbuzi hawajui mpaka. Nangiro alimpigia hesabu hiyo kwa kijiti mchangani jana jioni, si kwa hasira tena, bali ili Longor auonee huruma mgongo wake.

Longor aliitazama mpaka mwisho. Alisema imekaa sawa.

Mipango yake hata hivyo anayo. Anataka kumaliza kwanza miti ya upande wanakoingilia mbuzi. Kisha atawaomba wazee wa mto wakae waamue juu ya ile mingine, na atawaomba wenye mifugo wasogeze njia upande wa chini. Wakikataa atawaomba tena. Amemwambia Nangiro asiichane anwani ya ofisi ya ligi huko Kitale, kwa kuwa ligi hupokea timu kila mwaka.

“Wachezaji watakuwa wameenda, hiyo najua,” anasema, akirudi ndani ya shimo na kutafuta mahali pa kusimama. “Watakuja wengine, ama hawatakuja. Lakini yule mama akirudi, aniulize tena lile swali lake, mimi nataka nimpe jibu ingine. Na iwe ya kweli.”